Upanga wa Juu ya Mlango

Juu ya mlango wa babu yangu, kule Mtongwe, palitundikwa mfupa bapa uliozidi urefu wa mkono wa mtu mzima, wenye meno huku na huku. Sisi watoto tulingoja wakubwa walale adhuhuri, tukautungua kwa ufito na kuuchezea. Aliyekuwa seremala aliufanya msumeno, aliyekuwa askari aliufanya upanga. Siku moja babu aliamka mapema akatukuta nao uani. Hakutupiga. Aliuchukua, akaupangusa mchanga kwa kiganja, akasema, "Huyu alitukesha," kisha akaurudisha mahali pake. Hakuna aliyemuuliza huyu ni nani, wala aliwakesha vipi. Tulifurahi kwamba tumenusurika na fimbo, tukatoka mbio.

Kisa hiki ni cha maswali ambayo hayakuulizwa, na wa kwanza kutouliza ni mimi. Nawasimulia hasa wale ambao babu na bibi zao bado wako hai.

Anayeijua Likoni kwa feri peke yake huijua kwa msongamano, honi na vumbi la stendi. Lakini ukiupanda mteremko ukashika njia ya kulia, kelele hupungua na harufu hubadilika. Mtongwe haielekei bahari ya nje. Inaelekea mkono wa maji wa Port Reitz, wenye mikoko kandokando, na ng'ambo yake ni Changamwe na kreni za bandari. Bahari ya nje, yenye mwamba na mawimbi, iko upande wa Timbwani na Shelly Beach. Wavuvi wa kwetu walizitumia zote mbili. Kusi ikivuma kwa nguvu walibaki ndani, kwenye maji yaliyokingwa na mikoko. Kaskazi ikituliza bahari walitoka kwenda nje ya mwamba. Babu alikuwa mmoja wao tangu ujana wake hadi miguu ilipomkatalia.

Kamati yetu ya ufuo, hii tunayoiita BMU, ilikuwa changa bado. Kanuni za kamati hizi zilitoka mwaka 2007, nasi tulijiona tumepata serikali yetu wenyewe pale pwani. Mimi sikuwa mvuvi. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na jioni niliwasaidia kuandika kumbukumbu za mikutano. Ndipo siku moja wakaja wageni. Kulikuwa na mradi mkubwa wa ujenzi uliokuwa unakuja upande wetu, na kwa mujibu wa sheria ya mazingira ya mwaka 1999 hauwezi kuanza kabla ya kufanyiwa tathmini. Walikuwa watu wa adabu. Waliamkia, wakavua viatu, wakaketi nasi jamvini chini ya mkungu. Walikuja na fomu yenye kurasa nyingi, na kwenye ukurasa wa kwanza iliandikwa kwamba lengo ni kujua hali ya mazingira ilivyo kabla ya kazi kuanza.

Mwenyekiti alinigeukia. "Mwalimu, we ndiye wetu wa kalamu."

Nikaishika kalamu. Waliokuwa pale walikuwa vijana wa miaka thelathini na arubaini, na mkubwa wao alikuwa na hamsini hivi. Tulijibu kwa kujiamini, maana nani aijuaye bahari kutupita? Samaki gani wanapatikana: tafi, pono, changu, chaa, mkizi, pweza, na kaa wa mikokoni. Ukubwa wao: kila mmoja alionyesha kwa kiganja. Mahali pa kuvulia: tukataja matano. Halafu likaja swali la wanyama adimu. Je, hapa kuna nguva? Mmoja akacheka, akasema nguva ni wa hadithi za bibi. Je, kuna kasa? Mara mojamoja. Je, kuna papa wa aina zisizo za kawaida? Tukatazamana. Nikaandika: "Nguva, hakuna. Papa wa aina ya pekee, hakuna." Mwisho wa fomu nikatia sahihi na nambari ya kitambulisho.

Kutoka chini ya mkungu ule hadi kwa babu hapafiki hatua mia mbili. Alikuwa amelazwa barazani, kitanda chake cha kamba kimeelekezwa upepo unakotoka. Miguu ilikuwa imekufa, lakini macho yaliona na akili ilikuwa timamu kuliko yangu. Niliingia kumwamkia magharibi ile, nikapita chini ya mfupa uleule kama nilivyopita maelfu ya mara.

"Wale wageni walitaka nini?" akauliza.

"Walikuja kuandika habari za bahari, babu."

"Wakamuuliza nani?"

"Walituuliza sisi."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mliwaambia bahari ipi?"

Nilidhani ni maneno ya uzee. Nikamjibu, "Hii hii, babu," nikamfunika shuka, nikaenda msikitini kuiwahi isha.

Hakuumaliza mwaka ule. Alifariki kusi ilipokuwa inaanza kutulia. Siku ya tatu ya matanga, baada ya hitima, walibaki wazee wachache barazani. Mmoja wao, rafiki yake wa ujanani, alikuwa amekuja kwa mkongojo kutoka Timbwani. Aliinua macho akauona ule mfupa, akaomba ateremshiwe. Akauweka mapajani na kuupapasa jino moja baada ya jingine, kama mtu anayevuta uradi. Kisha akatueleza kile ambacho babu alikieleza kwa maneno mawili tu siku ile ya uani.

Ule haukuwa mfupa wa kuchezea. Ni pua ya papa upanga. Yeye na babu na wenzao wawili walitega jarife mdomoni mwa hori wakati wa masika, maji yakiwa mekundu kwa udongo wa mito. Papa upanga hupenda maji ya namna hiyo, yenye tope, karibu na mikoko. Huyu alinasa usiku, na kwa kuwa meno yake yalijisokota ndani ya nyavu, hakuweza kutoka wala wao hawakuthubutu kumsogelea. Walimshikilia kwa kamba hadi alfajiri. Alipovutwa ufuoni alikuwa na urefu wa pima mbili na ushei. "Wala hakuwa mkubwa wa wote," akasema mzee. Akaendelea: chewa wa kubebwa na watu wawili kwa mti begani, hapo nje ya Shelly Beach. Nguva, ambao walikuwa wakiwaona wakija kula nyasi za chini ya maji, mama na mtoto, bahari ikiwa shwari mwisho wa kaskazi.

Nilihisi jasho likinitoka mgongoni. Nikamuuliza, kwa sauti iliyokuwa na lawama ndani yake, mbona hawakutuambia mambo haya.

Mzee yule hakukasirika. "Tuliwaambia, mwanangu. Mwanzo tuliwaambia. Mtu akasema papa alikuwa urefu huu, mkaangaliana mkacheka. Akasema changu alijaza kikapu kwa mshipi mmoja kabla ya jua kupanda, mkasema mzee anatia chumvi. Na ushahidi tungeutoa wapi? Bahari yenyewe ilikuwa imeshaacha kutushuhudia. Tukachoka kuitwa waongo."

Nimeyarudia maneno hayo moyoni mara nyingi kuliko aya nyingi nilizohifadhi. Hadi siku ile nilidhani kwamba watu husahau mazingira yao kama wanavyosahau jina la mtu, polepole, kwa sababu ya umri na shughuli. Mzee wa Timbwani alinionyesha jambo jingine. Wazee hawakusahau. Kila mwaka bahari ilipopungua, maneno yao yalizidi kuwa mbali na yale tuliyoyaona kwa macho yetu, mpaka ukweli wao ukawa na sura ya uongo. Basi wakanyamaza ili kulinda heshima yao. Na sisi tukauchukua ukimya wao kuwa ni ithibati kwamba hakuna lililobadilika.

Baadaye niligundua kwamba kosa letu si la watu wasiosoma. Mwaka 1995 mtaalamu wa samaki Daniel Pauly aliandika makala fupi akiwakosoa wenzake, wanasayansi wa uvuvi. Alisema kila kizazi cha wataalamu huichukua bahari waliyoikuta walipoanza kazi kuwa ndiyo bahari kamili, wakapima hasara kuanzia hapo. Anayefuata huikuta imepungua, naye huanza kupima kutoka kwenye upungufu huo. Mfano mmoja alioutoa ulinifanya niuweke ule ukurasa chini kwanza. Ulihusu babu wa mwenzake kutoka Denmaki, aliyekuwa akivua katika maji ya Kattegat, baina ya Denmaki na Uswidi, miaka ya 1920. Mzee huyo alikuwa akiudhiwa na jodari waliokuwa wakinasa kwenye nyavu zake za samaki wadogo. Jodari, samaki ambaye leo mvuvi angemshukuru Mungu kwa kumpata mmoja, walikuwa kero. Taarifa hiyo haikuwa kwenye jedwali lolote la wataalamu. Ilikuwa kwenye kinywa cha babu wa mtu, na mjukuu wake aliisikiliza.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2005, Andrea Sáenz-Arroyo na wenzake walitangaza matokeo ya mazungumzo yao na wavuvi 108 wa Ghuba ya California, Meksiko, wa rika tatu. Wazee walitaja aina za samaki zilizopungua mara tano zaidi ya vijana, na sehemu za kuvulia zilizokufa mara nne zaidi. Kwa vijana bahari haikuwa imepungua sana. Kule Key West, Florida, Loren McClenachan alikusanya picha za watalii zilizopigwa mbele ya samaki waliowavua kwa michezo. Mwaka 1956 samaki hao walikuwa na wastani wa kilo 19.9. Mwaka 2007 walikuwa na kilo 2.3. Watu kwenye picha zote wanatabasamu vilevile. Hilo tabasamu ndilo linalonitisha. Nalijua, kwa sababu ndilo lililokuwa usoni mwangu nilipokuwa naijaza ile fomu chini ya mkungu.

Kwetu si lazima kwenda baharini kuliona jambo hili. Mwambie mtoto yeyote wa Likoni akuchoree ndege. Atakuchorea kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, yule anayenyakua mkate mkononi mwa mwanafunzi na kuchakura jaa la soko. Mtoto huyo hana habari kwamba kunguru huyu ni mgeni. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, na Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947. Babu alikuwa kijana wakati huo. Hadi anakufa aliwaita kunguru hawa "wageni," nami kwa miaka mingi nilidhani ni dhihaka yake tu ya kizee. Kunguru hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na alipo yeye wengine huhama au hufa. Babu aliwahi kuniambia kwamba asubuhi za utotoni mwake zilikuwa na kelele za minana kwenye minazi, kelele za kumwamsha mtu kabla ya adhana. Mimi nilikulia kwenye kelele za kunguru nikaamini kwamba hivyo ndivyo alfajiri inavyolia.

Mwezi Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipotangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja, nilikuwa kwenye feri. Kijana mmoja alikuwa akilalamika kwa uchungu wa kweli kwamba serikali inataka kuua ndege wa Mombasa. Abiria wengi walimuunga mkono. Sikumlaumu. Alikuwa akikitetea anachokijua, na anachokijua ndicho alichozaliwa akakikuta.

Tazama pia mikoko. Utafiti uliolinganisha picha za mwaka 1992 na za mwaka 2009 ulikuta kwamba hori la Tudor lilikuwa limepoteza asilimia 86.9 ya mikoko yake, na Mwache asilimia 45.4. Watu waliikata, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaleta tope lililoizika mizizi. Ni miaka kumi na saba tu. Mtoto aliyezaliwa Mikindani, kando ya hori hilo la Tudor, mwaka 1992 alikuwa bado yuko sekondari mwaka 2009, na tayari hori lake lilikuwa limebaki uwanda wa matope. Kwake yeye uwanda ule ndio hori. Mwaka huohuo wa 1998 bahari ilipata joto na matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe, na sehemu nyingi zaidi ya nusu yakafa. Wanafunzi wangu wa leo wote wamezaliwa baada ya hapo. Nikiwapeleka mwambani maji yakipwa, huniita kwa furaha, "Mwalimu, njoo uone, tumepata moja lenye rangi!"

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba watu wetu walikuwa na njia zao za kuweka kumbukumbu. Hawakuwa na fomu, lakini walikuwa na hesabu. Walihesabu mwaka wa Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365, wakaugawa kwa miongo thelathini na sita ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Mvuvi alijua katika mwongo gani pweza huanza kunenepa, na mkulima alijua katika mwongo gani atie mbegu. Ukiwa na hesabu kama hiyo huwezi kudanganyika. Samaki aliyekuwa akija mwongo fulani asipokuja miaka mitatu mfululizo, unajua, na unaweza kumwambia mtu mwingine naye akakuelewa. Leo sherehe ya mwaka huo mpya, Mwaka Kogwa ya Makunduchi huko Unguja, inajulikana kwa watalii, lakini waliobaki wakiihesabu miongo ni wachache. Mimi nilikwenda shule nikajifunza Januari hadi Desemba, na hakuna mtu aliyeniambia kwamba nilikuwa nikiacha kalenda iliyokuwa ikiiangalia bahari.

Ndugu zetu Wadigo na Wamijikenda wengine walihifadhi kumbukumbu kwa miiko. Kaya ni msitu, lakini kwanza ni amri: mti huu haukatwi, njia hii haipitwi, jambo hili halifanywi hapa. Aliyezaliwa jana anaingia kaya akaukuta msitu aliouona babu wa babu yake, kwa sababu mwiko ulikuwa na nguvu kuliko tamaa ya kizazi kimoja. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika orodha ya urithi wa dunia. Nazo pia zimemegwa, na wazee wa kaya wanalia. Lakini msitu unaweza kuzungushiwa mwiko. Maji je? Nyasi alizokuwa akila nguva hazikuwa na mwenyewe wa kuzikataza.

Na sisi wa kalamu tulifanya nini? Tangu enzi za Muyaka bin Haji hapa Mombasa, washairi wetu wameitaja bahari bila kuchoka. Lakini bahari katika tungo zetu huwa ni mapenzi, huwa ni dunia, huwa ni safari na vita. Ni mara chache sana bahari imekuwa bahari. Tunajua kwa mafumbo jinsi mpenzi alivyozama, hatujui ni vikapu vingapi vya tafi vilitoka Timbwani katika kusi ya mwaka fulani. Sidharau mafumbo, nimelelewa nayo. Nasema tu kwamba mtu angeandika kwa lugha ya wazi aliyoyaona kwenye ufuo wake, kwa mwaka, kwa jina la samaki, kwa kipimo, kazi yake ingesimama leo mahali ambapo sahihi yangu imesimama.

Maana ile sahihi ilirudi. Mradi ulianza, maji yakachafuka kwa miezi, na wavuvi wakaanza kurudi na vyombo vitupu. Baada ya kulalamika kwa muda mrefu tuliitwa kwenye mkutano. Aliyekuwa upande wa pili wa meza hakuwa mtu mbaya, na hakupandisha sauti. Alifungua faili, akatoa nakala ya fomu, akaigeuza ili tuisome. Sehemu za kuvulia: tano. Samaki: wa wastani, wa kiganja. Nguva: hakuna. Papa wa aina ya pekee: hakuna. "Hii ndiyo hali mliyotuambia wenyewe," alisema. Fidia, kama itatoka, itapimwa kutoka hapo. Wenzangu walinitazama. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo, kwa sababu wote walikuwepo chini ya mkungu. Nikajaribu kueleza habari za papa upanga, za nguva, za chewa wa kubebwa na watu wawili. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiwa kama sauti ya babu. Yule bwana alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa upole, "Una ushahidi gani?" Na nikaona, kwenye pembe ya midomo yake, lile tabasamu.

Ushahidi ulikuwepo. Ulining'inia juu ya mlango miaka yote ile. Baada ya matanga nyumba iligawanywa, ikauzwa, na aliyeinunua aliivunja. Ule mfupa hatujui uliishia wapi. Kuhusu nguva, nilikuja kusoma baadaye kwamba maandishi ya wataalamu yanataja kundi la nguva wapatao 500 lililoonekana pwani ya kusini ya Kenya miaka ya 1960. Mia tano. Leo nguva waliobaki katika maji yote ya Kenya ni wachache mno, na wanaotajwa zaidi ni wa kaskazini, kwenye visiwa vya Lamu. Mimi niliandika "hakuna" kwa kalamu ya wino, na kwa siku ile nilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonimaliza: sikusema uongo. Nilisema ukweli wa umri wangu tu, nikautia sahihi kana kwamba ni ukweli wa bahari.

Sasa naenda kila Jumamosi kwa mzee wa Timbwani, na kwa bibi mmoja wa Mtongwe ambaye ujanani alikuwa akienda kutanda kwa kanga na wanawake wenzake maji yakipwa. Nina daftari la kurasa mia mbili. Siandiki mashairi. Namuuliza kila mmoja: mwaka gani, na kama hakumbuki mwaka, ulikuwa umeoa au umeolewa tayari? Feri ilikuwa ipi? Ilikuwa kabla ya uhuru au baada? Samaki yule alifika wapi, gotini au kiunoni? Mlimwitaje? Bibi amenipa majina ya kome saba ambayo sikuyajua, na wenye matatu kati ya hayo hajawaona tangu mwanawe wa kwanza aanze kutembea. Nayaandika majina, na pembeni naandika aliyeniambia na siku aliyoniambia. Sicheki. Akisema jambo linalonishinda kuamini, naliandika kwa herufi kubwa zaidi.

Mzee wa Timbwani alinipa pia dira ya mwamba ambao babu alikuwa akivulia chewa. Wavuvi wa zamani waliipata sehemu ya baharini kwa kulinganisha alama za nchi kavu. Alama ya kwanza ni taa ya Ras Serani, ng'ambo kisiwani, ambayo bado ipo. Ya pili ni mbuyu wenye tundu, upande wetu wa Likoni, uliokuwa ukionekana kutoka mbali. Mwezi uliopita nilikwenda na binti yangu kuutafuta. Mahali pale pamejengwa jumba la ghorofa nne. Mlinzi alitupeleka hadi nyuma, penye matangi ya maji, akatuonyesha mahali ambapo mafundi walikuta mizizi walipokuwa wakichimba msingi.

Binti yangu aliangalia sakafu ya saruji. "Ulikuwa mkubwa kiasi gani, baba?"

Nikanyoosha mikono yangu yote miwili, na nikamwambia kwamba hapo bado, watu sita wangeshikana mikono wasiuzungushe. Nikamtazama. Midomo yake ilikuwa imeanza kuvutika kando.

Nikamshika mkono. Nilimwonyesha pa kusimama, nami nikaanza kutembea duara kuzunguka matangi, hatua kwa hatua, kama alivyonieleza mzee kwamba walikuwa wakiuzunguka wakiwa watoto. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Kwenye nne alikuja nyuma yangu akikanyaga nilipokanyaga. Tulipofika tisa nilinyamaza nikamwachia, na sauti yake ikaendelea peke yake: kumi, kumi na moja, kumi na mbili.